Sura ya Lumumba katika michoro ya Tshibumba Kanda Matulu: jinsi uso ulivyogeuka kuwa historia

1. Utangulizi

Tarehe 20 Juni 2022, mjini Bruxelles, serikali ya Ubelgiji iliikabidhi jamaa ya Patrice Emery Lumumba jino moja. Hicho ndicho kilichokuwa kimesalia cha mwili wa waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru. Baada ya kuuawa usiku wa tarehe 17 Januari 1961, karibu na mji wetu, yeye pamoja na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito, maiti zao zilifukuliwa, zikakatwakatwa na kuyeyushwa kwa asidi ili pasibaki kaburi wala alama. Jino lililowekwa na polisi mmoja Mbelgiji kama kumbukumbu ya kazi yake lilirudi Kongo baada ya miaka 61, likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni ya mwaka huo huo.

Kwa miaka hiyo yote 61, je, Wakongomani walimtazama Lumumba wapi? Magazeti yalimpiga picha alipokuwa hai na alipokuwa amefungwa kamba, na serikali ilimtangaza kuwa shujaa wa taifa mwaka 1966. Lakini katika miji ya migodi ya kusini, katika nyumba za wafanyakazi, makarani na wafanyabiashara wadogo, uso wa Lumumba ulikaa mahali pengine: ukutani, juu ya viti vya sebuleni, umechorwa kwa rangi juu ya kitambaa cha mfuko wa unga.

Lengo la makala hii ni kuchunguza namna ya kuchora nyuso ya mmoja wa wachoraji hao, Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Élisabethville mwaka 1947, mji ambao leo ni Lubumbashi. Mengi yamekwisha kuandikwa juu yake kama mwanahistoria wa rangi. Machache yameandikwa juu ya swali dogo zaidi, nalo ni hili: uso wa mtu aliuchoraje, na kwa nini aliuchora hivyo? Tutajaribu kuonyesha kwamba jambo ambalo wengi wamelihesabu kuwa udhaifu wa mkono wake lilikuwa njia, na kwamba njia hiyo haieleweki bila lugha ya Kiswahili iliyoizunguka.

2. Neno «sura»

Tuanze na lugha. Kiswahili kina neno «uso», lenye maana ya sehemu ya mbele ya kichwa: macho, pua, mdomo, paji. Pamoja nalo tuna neno «sura». Sura ni uso, lakini pia ni umbo la kitu chochote, ni hali ya mambo yanavyoonekana, na ni sehemu ya kitabu. Tunasema kwamba mtoto ana sura ya baba yake; tunasema kwamba mambo yamechukua sura mpya; tunamwambia mwanafunzi asome sura ya tatu. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kuhama kutoka neno moja hadi jingine ili atoke kwenye uso na kufika kwenye masimulizi.

Hatudai kwamba Tshibumba alilifikiria neno hilo alipokuwa akichora. Tunalileta hapa kwa sababu linatusaidia kutofautisha kazi mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Kazi ya kwanza ni kuonyesha uso, yaani kumfananisha mtu jinsi alivyo. Kazi ya pili ni kuonyesha sura, yaani kumweka mtu katika umbo la mambo yaliyompata. Mpiga picha wa studio aliifanya kazi ya kwanza vizuri na kwa bei nafuu. Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zilikuwa na studio nyingi; aliyetaka kuonekana alivyo alivaa suti, akaenda studio, akarudi na picha yake. Mteja wa mchoraji alitafuta kitu kingine.

3. Mchoraji na mji wake

Mji wa Élisabethville ulikuwa na shule za uchoraji kabla ya Tshibumba. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha karakana iliyojulikana kwa jina la Le Hangar. Humo walifanya kazi Pilipili Mulongoy, Bela Sara na Mwenze Kibwanga, watu ambao majina yao bado yanaheshimiwa. Mwaka 1951 Laurent Moonens alianzisha chuo cha sanaa nzuri. Wanafunzi wa Hangar walikuwa na uhuru wa kuchora bila kuiga Ulaya, lakini uhuru huo ulikuwa na mpaka wake. Tukizitazama kazi zao mashuhuri twakuta samaki, ndege, nyoka, majani na wawindaji. Hatumkuti msimamizi wa mgodi, wala askari, wala mfungwa. Bela alipaka rangi kwa ncha za vidole, Pilipili alijaza nafasi kwa nukta na mistari midogo, na uzuri uliozaliwa humo ni uzuri wa kweli. Hata hivyo, mji wenyewe, pamoja na watu wake na maumivu yao, ulibaki nje ya mlango.

Wachoraji waliokuja baadaye, katika miaka ya 1960 na 1970, hawakutoka katika shule hizo. Walijifunza kwa kutazamana, kwa kuiga picha za magazeti na vitabu vya shule, na kwa kusikiliza wateja. Walitumia kilichopatikana: kitambaa cha mfuko wa unga kilichotandazwa na kupakwa rangi nyeupe, kisha rangi za dukani. Wateja wao hawakuwa watalii. Walikuwa watu wa mji wenyewe, na mambo waliyoyapenda yalijulikana: mamba muntu, yaani yule mwanamke wa majini mwenye utajiri na hatari, simba anayemrukia mtu, mandhari ya kijiji, na ile picha iliyoitwa Colonie belge, mara nyingi ikiwa na miaka 1885-1959, ambamo mfungwa amelazwa chini, askari mweusi anampiga fimbo, na Mzungu mwenye kofia nyeupe anatazama chini ya bendera.

Picha hizi ziliitwa kwa neno moja lenye uzito: ukumbusho. Ukumbusho si pambo. Mwenye nyumba aliitundika picha ili mgeni aulize, na mgeni akiuliza, mwenyeji asimulie. Picha ilikuwa chanzo cha maneno.

Tshibumba alikuwa mmoja wa wachoraji hao, lakini alikuwa na nia iliyowapita wengi. Alijitambulisha kuwa mchoraji na mwanahistoria pia. Mwishoni mwa mwaka 1973 alikutana na mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi. Kutokana na kukutana kwao kulizaliwa mfululizo wa picha zipatazo mia moja, uliomalizika mwaka 1974, unaoanza kabla ya kuja kwa wakoloni na kuishia katika wakati ujao ambao mchoraji aliufikiria tu. Kila picha ilielezwa kwa mdomo, kwa Kiswahili cha Shaba, kama jimbo lilivyoitwa wakati ule, na maelezo hayo yalinaswa katika kanda. Mwaka 1996 Fabian alizichapisha picha na mazungumzo, kwa tafsiri ya Kiingereza, katika kitabu Remembering the Present. Lakini mchoraji hakupata kukiona. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 habari zake zilikatika.

4. Namna ya kuchora uso

Mtu anayeziona picha za Tshibumba kwa mara ya kwanza huweza kusema: nyuso hizi zinafanana. Askari watano wamesimama, na wote watano wana pua moja, jicho moja, mdomo mmoja. Wafanyakazi wa mgodi wamepangwa mstari kama miti iliyopandwa. Mtazamaji aliyezoea picha za Ulaya huhukumu haraka kwamba mchoraji hakujua kuchora uso.

Hukumu hiyo inaanguka mara tu tunapomtafuta Lumumba. Hata awe miongoni mwa umati, jicho letu humwona bila kusita. Miwani, ndevu fupi za kidevuni, nywele zilizogawanywa kwa njia upande mmoja, tai shingoni: alama hizo nne zinarudi toka picha hadi picha. Tshibumba hakuhangaika na kivuli cha shavu wala mkunjo wa paji la uso. Alichagua alama chache ambazo kila mtu wa mji alizijua, akazishika kwa uaminifu mkubwa, na mengine akayaacha. Mchoraji mwenye mkono usiojua asingeweza kumfanya mtu mmoja atambulike namna hiyo katika mandhari mbalimbali, akiwa amesimama jukwaani, amefungwa, au amelala chini amekufa.

Basi kufanana kwa nyuso nyingine kuna maana gani? Tunaona sababu mbili. Sababu ya kwanza ni kwamba katika masimulizi yake askari na mfanyakazi wamewekwa kwa ajili ya kazi yao, si kwa ajili ya nafsi zao. Ukoloni wenyewe uliwafanya hivyo: uliwapa namba, uliwavika sare, uliwapanga mstari. Mchoraji alipowapa uso mmoja alionyesha hali yao. Katika Colonie belge yule anayepiga na yule anayepigwa hufanana, na hapo ndipo uchungu wa picha ulipo, kwa kuwa ni ndugu wawili waliogawanywa na fimbo isiyokuwa yao.

Sababu ya pili ni ya tahadhari. Tukumbuke kwamba picha hizi zilichorwa wakati wa chama kimoja, chini ya utawala wa Mobutu Sese Seko, ambaye yeye mwenyewe alikuwa mkuu wa jeshi wakati Lumumba alipokamatwa Desemba 1960. Kusema wazi ni nani aliyemkabidhi Lumumba kwa adui zake wa Katanga lilikuwa jambo la hatari. Askari asiye na uso wake mwenyewe hana jina, na asiye na jina hamshitaki mtu. Hii ni tafsiri yetu. Lakini msomaji aliyeishi miaka ile ataelewa kwamba kunyamaza nako kulikuwa na ufundi wake.

Zaidi ya alama za uso, Tshibumba alitumia mwili. Katika picha ya tarehe 30 Juni 1960 Lumumba anahutubia, na mfalme Baudouin yupo kando yake akisikiliza. Tunajua kwamba hotuba ya Lumumba haikuwa katika ratiba ya sherehe, na kwamba aliitoa baada ya mfalme kuusifu utawala wa mababu zake. Mchoraji hakuweza kuipaka sauti rangi. Alichoweza ni kumpa msemaji kimo, mkao na nafasi ambayo jicho haliwezi kuikwepa. Uso wa Lumumba hapo hautabasamu wala haukasiriki, umetulia. Hasira yote iko katika tendo lenyewe la kusimama na kusema mbele ya mfalme.

5. Uso usio na kaburi

Tufike sasa kwenye picha ambayo, kwa maoni yetu, ndiyo kilele cha njia hii. Ni ile ya kifo cha Lumumba, Mpolo na Okito. Miili mitatu imelala chini. Nyuma yake, mlimani, imesimama misalaba mitatu. Kutoka ubavuni mwa Lumumba damu inatiririka, na katika kutiririka kwake inaandika ardhini neno moja la Kifaransa: unité, yaani umoja.

Kila Mkongomani aliyepita katika shule ya misheni, au aliyewahi kusikia mateso ya Yesu yakisomwa kanisani, aliielewa misalaba mitatu na ubavu uliochomwa. Katika maelezo yake Tshibumba alisema waziwazi kwamba kwake Lumumba alikuwa kama Yesu wa nchi hii. Na jina alilolitumia katika picha nyingine ya mfululizo huo, Calvaire d'Afrique, linapeleka mawazo kulekule Golgota.

Hapa mwanahistoria wa maandishi huweza kupinga. Atasema kwamba hapakuwa na misalaba porini usiku ule. Palikuwa na miti, taa za magari, askari na maofisa. Ni kweli. Lakini tuulize ni nini kilichojulikana mwaka 1974 na mkazi wa kawaida wa Lubumbashi. Tarehe 17 Januari 1961 ndege iliwashusha wafungwa watatu katika uwanja wa Luano. Tarehe 10 Februari serikali ya Katanga ilitangaza kwamba wametoroka. Tarehe 13 Februari waziri Godefroid Munongo alitangaza kwamba wameuawa na wanakijiji, akakataa kukitaja kijiji hicho. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Safari hii ilikuwa ndefu sana. Ilimpasa mtu angoje hadi mwaka 2001 ndipo tume ya bunge la Ubelgiji ikiri kwamba baadhi ya mawaziri na watu wengine wa Ubelgiji walibeba wajibu wa kimaadili katika mambo yaliyosababisha kifo hicho.

Kwa hiyo mchoraji hakuwa na maiti, hakuwa na kaburi, hakuwa na hati wala shahidi wa kusema hadharani. Alikuwa na tangazo ambalo hakuna aliyeliamini. Katika upungufu huo alifanya kile ambacho jamaa ya marehemu hufanya: aliilaza miili mahali, akaiwekea alama, akaandika tarehe. Misalaba ile tunaweza kuisoma kama Golgota, lakini tusisahau maana yake ya kila siku. Msalaba ni kitu kinachosimama juu ya kaburi. Tshibumba aliwazika watu watatu ambao waliowaua walihakikisha kwamba hawazikwi.

Tazama pia kwamba uso wa Lumumba katika kifo haukuharibiwa. Hapo mchoraji anapingana moja kwa moja na wauaji. Asidi ilikusudiwa kuufuta uso ili usiwe na mahali pa kutazamwa. Rangi iliurudisha, mzima, wenye kutambulika, na kuuzidisha kwa idadi, maana Tshibumba na wachoraji wenzake waliirudia picha hiyo kila mteja alipoiagiza. Kurudia huku, ambako katika maduka ya sanaa ya Ulaya kungeshusha thamani ya kazi, ndiko kulikoipa thamani yake hapa. Wauaji walitaka pasiwe na kaburi hata moja. Katika nyumba za Shaba yalipatikana mengi.

6. Rangi, maandishi na usemi

Tumesema kwamba njia hii haieleweki bila Kiswahili. Tufafanue. Picha moja ya Tshibumba ina lugha tatu. Ya kwanza ni rangi. Ya pili ni Kifaransa kilichoandikwa juu ya kitambaa: kichwa cha picha, tarehe, jina la mahali, sahihi ya mchoraji. Ya tatu haionekani: ni Kiswahili cha kuieleza. Kifaransa kilikuwa lugha ya shule, ya hati na ya serikali. Kwa kukiandika pichani mchoraji aliipa kazi yake muhuri wa hati. Lakini alipoulizwa ni nini kinachotendeka humo, alijibu kwa Kiswahili, na katika majibu hayo neno «mawazo» linarudi mara kwa mara. Kwake historia haikuwa orodha ya matukio. Ilikuwa kazi ya kufikiri, kuunganisha aliyoyaona, aliyoyasikia na aliyoyatafakari.

Uso uliochorwa, basi, haukuwa kazi iliyokamilika. Ulikamilishwa na usemi. Miwani na ndevu zilitosha kumwambia mtazamaji kwamba huyu ni Lumumba. Yaliyobaki, yaani alikuwa mtu wa namna gani, alisema nini, alisalitiwa na nani, yaliachwa kwa mdomo. Ndiyo maana uso wenyewe haukuhitaji kujazwa. Ulikuwa na nafasi, na nafasi ile ilikuwa ya msimulizi.

Jambo hili linaiweka kazi ya Tshibumba karibu na maandishi mengine ya mji wetu. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa Kiswahili cha hapa, historia ya Élisabethville iliyotazamwa kutoka jikoni na uani, yaani kwa macho ya watumishi wa kazi za nyumbani. Fabian aliichapisha mwaka 1990. Yav na Tshibumba hawafanani katika vifaa, mmoja akitumia mashine ya kuandikia na mwingine brashi, lakini wanafanana katika dai: kwamba mtu asiye na shahada anaweza kuandika historia, na kwamba Kiswahili cha mjini, kinachodharauliwa na walimu wa sarufi, kinatosha kuibeba.

7. Mipaka ya njia hii

Haitakuwa haki kusifu bila kupima. Uso unaotambulika kwa alama nne unaweza kumficha mtu. Lumumba aliyeishi alikuwa karani wa posta, mwandishi wa magazeti, mwanasiasa aliyekosea na kurekebisha, mume na baba. Lumumba wa ukutani hana makosa. Anapofananishwa na Yesu, maswali ya kisiasa huweza kugeuka kuwa ibada: badala ya kuuliza umoja wa nchi hii ujengwe vipi, tunaridhika kwamba yupo aliyeufia. Na wale wawili waliokufa pamoja naye, Mpolo na Okito, wanabaki upande, wakitambulika kwa sababu tu wako wawili na wako karibu. Wangapi kati ya wanafunzi wetu wanaweza kuzieleza nyuso zao?

Tena kuna swali la soko. Njia hii iliishi kwa mishahara ya wafanyakazi. Bei ya shaba ilipoanguka katikati ya miaka ya 1970, na thamani ya fedha ikashuka mwaka hadi mwaka, ukumbusho ulikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuachwa. Wateja waliobaki walikuwa wageni. Tshibumba mwenyewe asingeweza kumaliza mfululizo wake kama hakupata mnunuzi mmoja aliyezichukua picha zote. Jambo lililoiokoa kazi yake ndilo lililoihamisha: leo mfululizo huo uko Amsterdam, katika jumba la makumbusho lililojulikana kwa muda mrefu kwa jina la Tropenmuseum. Mwaka 1999 picha za mjini za Lumumba, za Tshibumba na za wenzake, zilionyeshwa New York katika maonyesho yaliyoandaliwa na Bogumil Jewsiewicki, naye pia aliyekuwa amefundisha hapa Lubumbashi. Picha zilizobaki katika sebule zetu, kwa upande wake, zililiwa na unyevu, na mchwa, na kuhama kwa wenyewe.

8. Hitimisho

Katika makala hii tumejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, kwamba Tshibumba alichora nyuso kwa kuchagua: alimpa alama anayetakiwa kukumbukwa, akawaacha wengine wafanane, na kufanana huko kulikuwa na maana. Pili, kwamba uso wa Lumumba katika picha ya kifo ulifanya kazi ya kaburi kwa watu walionyimwa kaburi, na kwamba kuurudia ulikuwa ni kuukataa ule mpango wa kuufuta. Tatu, kwamba uso huo ulikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa Kiswahili.

Kutokana na jambo hilo la tatu linatoka jukumu letu. Picha ziko mbali, na si rahisi kuzirudisha. Lakini mazungumzo ya Tshibumba hayakubaki katika tafsiri peke yake: maandishi yake ya Kiswahili yalitolewa mwishoni mwa miaka ya 1990 katika hifadhi ya maandishi ya Kiswahili cha watu, na yanaweza kusomwa na mwanafunzi yeyote wa idara yetu. Ni ajabu kwamba yanajulikana zaidi na watafiti wa ng'ambo wanaolazimika kujifunza lugha hii kuliko na vijana walioinyonya pamoja na maziwa ya mama. Tungependa kuona siku ambayo yatafundishwa katika madarasa ya fasihi na ya historia, si kama mfano wa Kiswahili kilichoharibika, bali kama matini ya mwanahistoria aliyezungumza mjini mwake.

Bado wapo pia wazee waliokuwa na picha ya Lumumba ukutani. Picha imekwisha kuoza, lakini maneno waliyomjibu mgeni alipouliza huenda hawajayasahau. Mwanafunzi na aende kwao sasa, na kinasa sauti chake, akaulize kama mgeni alivyouliza: huyu ni nani, na hapa palitokea nini? Kiswahili kilichoukamilisha uso ule bado kimo vinywani mwao.